Neno la Kwenye Kitufe

Kabla hakujapambazuka, printa ya sebuleni ilikohoa. Ilikohoa mara mbili, kikohozi kikavu, kama mzee anayebisha hodi kwa adabu, kisha ikanyamaza. Fundi alifumbua macho akasikiliza. Printa ile haikuwa na tabia ya kujiwasha yenyewe.

Aliingiza miguu kwenye kandambili akatoka. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka, na shangazi yake alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya printa, amevaa gauni lake la kutokea na viatu vya kamba. Mapajani alikuwa na bahasha mpya ya kaki ambayo haijafungwa.

"Shangazi, umeamka au hujalala?"

"Nimeamka. Nasubiri karatasi." Shangazi hakugeuka. Aliitazama printa kwa subira ileile aliyokuwa akiwatazamia wagonjwa wanaozinduka kutoka usingizi wa dawa. "Nimeiwasha, imekohoa, imenyamaza. Labda ina njaa."

"Karatasi zimo. Unachapa nini alfajiri yote hii?"

"Yale maandishi ya Metroni. Leo nimemuahidi kumpelekea. Nimefungua kompyuta yako, nikaingia kule kwetu kwenye tovuti, nikabonyeza palipoandikwa Chapisha." Alinyoosha kidole kuonyesha jinsi alivyobonyeza, taratibu, kama anayegusa mshipa wa damu. "Kikazunguka kiduara, kikaniambia tayari. Tayari wapi? Mimi sioni kitu."

Fundi alishika ukuta.

Watu walimwita Fundi kwa sababu alitengeneza tovuti. Meza yake ilikuwa pale pale sebuleni, chini ya dirisha, na juu yake alikuwa amejenga tovuti ya duka la viatu, ya shule ya udereva, na ya daktari wa meno aliyetaka kila kitu kiwe cheupe. Shangazi yake alikuwa muuguzi miaka thelathini na minane. Wenzake wodini walimpa jina la Sindano, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi hata watoto walikuwa wakimuuliza, "Bado hujanichoma?" akiwa ameshamaliza na kutupa pamba. Alipostaafu, wenzake walimchagua kuwa katibu wa chama chao cha wauguzi wastaafu. Wanachama mia mbili na kumi na wawili, waliotawanyika kila upande. Fundi akawajengea tovuti, zawadi kwa shangazi aliyemlea tangu akiwa na miaka sita.

Hakuna kazi aliyoifanya kwa moyo kama ile. Kwa wateja wengine alichagua vifaa vya kazi kwa siku mbili. Kwa shangazi alichagua kwa wiki tano. Aliupata mfumo wa bure wa kuendeshea tovuti, ule unaomwezesha mtu asiyejua kompyuta kuandika makala zake mwenyewe. Akatafuta themu, yaani vazi la tovuti, lenye herufi kubwa ambazo macho ya miaka sabini hayahangaiki nazo. Kisha akazigeukia plagini, vile vipande vya programu vinavyopachikwa kwenye tovuti ili iweze kufanya kazi mpya. Aliangalia kila kimoja kiliguswa lini mara ya mwisho na mtengenezaji wake, na kama huyo mtengenezaji huwajibu watu wanaolalamika. Plagini iliyotelekezwa, alikuwa akisema, ni kama nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba amehama: siku bomba likipasuka utampigia nani?

Akachagua plagini moja inayotuma kila makala mpya kwa barua pepe za wanachama, makala nzima, si kipande. Aliwaza kwamba wazee hawatembelei tovuti, bora tovuti iwatembelee wao. Wanachama wasiokuwa na barua pepe aliwaambia waandike ya mtoto wao. "Haina neno," alisema. "Mtoto atakusomea."

Kisha likaja suala la lugha. Mfumo ule ulikuwa na Kiswahili nusunusu. Vitufe vingine vilisema Kiswahili, vingine vilisema Kiingereza, kama kaka na dada waliolelewa nyumba mbili. Kazi ya kutafsiri ilikuwa ya watu wa kujitolea, naye akajiunga nao. Kwa miezi mitatu, kila jioni, alitafsiri maneno ya vitufe. Lilipofika neno la kile kitufe kinachoitoa makala ndani na kuiweka mbele ya macho ya watu, aliwekewa maneno matatu achague: Tangaza, Weka hadharani, Chapisha. Alifungua kamusi. Vitabu huchapishwa, magazeti huchapishwa. Akaweka Chapisha, na msimamizi wa watafsiri akalipitisha.

Siku shangazi alipofungua ukurasa ukiwa Kiswahili kitupu, alivua miwani akaifuta. "Sasa hii inaongea na mimi," alisema, akamshika Fundi shavu.

Lakini masikioni mwa shangazi, kuchapisha kulikuwa kazi ya yule mpiga chapa wa hospitali, karibu na stoo. Unampelekea barua uliyoiandika kwa mkono, anakurudishia karatasi.

Na mfumo ule una vyeo. Yuko msimamizi, yuko mhariri, na chini kabisa yuko mchangiaji, ambaye huandika tu na kuhifadhi, hana ruhusa ya kutoa kitu nje. Shangazi alihitaji cheo hicho cha chini. Siku zote yeye aliandika na kubonyeza Hifadhi, Fundi akapitia na kutoa. Lakini mtu aliyekufulia sare za shule humpi cheo cha chini kabisa. Fundi aliona aibu. Akampa uhariri, wenye ruhusa ya kutoa.

"Mbona umenyamaza?" shangazi aliuliza kutoka kwenye kigoda. "Nimeiharibu?"

"Hujaharibu. Subiri kidogo."

Fundi alikaa mezani. Makala ilikuwa juu kabisa ya tovuti, kwa herufi kubwa alizozichagua mwenyewe, na ilianza hivi:

*Jumanne. Metroni ameniuliza mara tatu kama wagonjwa wameshakunywa dawa. Nimemwambia wameshakunywa wote. Akalala.*

*Alhamisi. Jiko lilikuwa linawaka, sufuria tupu, imekuwa nyekundu chini. Nimelizima. Hatukuzungumza habari hiyo.*

*Jumapili. Siku nzuri. Amenikosoa nilivyokunja shuka.*

Yalikuwa maandishi ya miezi saba, ambayo shangazi aliyahifadhi humo humo kwenye tovuti kwa kuwa hakujua pengine pa kuandikia. Metroni, aliyewahi kuwa mkuu wa wauguzi wote wa hospitali ile, alikuwa anapoteza kumbukumbu, na ni yeye mwenyewe aliyemwomba Sindano aandike, kama walivyoandika zamani ripoti ya zamu, ili siku ikiwa nzuri asome ajue amefika wapi. Alimwapisha asimwambie mtu. Hasa asimwambie mwanawe. Kijana yule alifanya kazi mji wa mbali, safari ya kutwa nzima kwa gari, na mwanzoni mwa mwaka alikuwa amesema, kwa upendo lakini bila kutania: "Mama, siku nikisikia huwezi kukaa peke yako, nakuja kukuchukua." Metroni hakutaka kuchukuliwa. Alitaka nyumba yake, mtaa wake, na Sindano anayekuja kila asubuhi kwa mguu.

Fundi aliiondoa makala. Hilo lilikuwa jambo la kubonyeza mara moja. Kisha akafungua plagini ya barua. *Zimetumwa 80 kati ya 212.* Zilikuwa zikienda ishirini ishirini, kwa utaratibu mzuri. Akatafuta pa kuzisimamisha. Kitufe kilikuwepo, *Sitisha*, lakini kilikuwa cha kijivu na kikufuli pembeni: kilikuwa cha wanaolipia. Katika wiki tano za kuchagua, hakuwahi kujiuliza hata siku moja kama ataweza kuisimamisha.

*Zimetumwa 100.*

Akaing'oa plagini yote. Hesabu ikatoweka, lakini barua hazikusimama, kwa sababu zilikuwa zimeshakabidhiwa kwa kampuni inayohifadhi tovuti, na huko hapakuwa na mtu wa kupokea simu kabla ya saa tatu. Akampigia Koti, fundi mwenzake aliyemfundisha kazi, mtu asiyevua koti hata wakati wa joto.

"Nani amefariki?" Koti aliuliza kwa sauti ya usingizi.

"Hakuna. Barua zimetoka, Koti. Barua za siri ya mtu. Nazirudishaje?"

Alimsikia akikaa kitandani. "Umeng'oa plagini?"

"Nimeng'oa."

"Ungenipigia kabla ya kung'oa... Hapana, hata ungenipigia." Alivuta pumzi. "Sikiliza, dada yangu. Maji yamemwagika. Saa hizi tafuta yamemlowesha nani, umpelekee taulo. Mimi nakuja nikusaidie kuandika ya kuomba radhi."

"Usije. Utafanya nini ukija?"

"Sijui. Nitachemsha maji ya chai."

Na kweli alikuja, akachemsha, akasimama jikoni na koti lake bila kuuliza tena kitu.

Fundi aliifungua orodha ya wanachama. Ilipangwa kwa namba za uanachama. Namba moja, mwenye heshima ya kwanza, alikuwa Metroni, na pembeni mwa jina lake palikuwa na barua pepe ambayo Fundi aliiandika kwa mkono wake mwenyewe siku ya kuandikishana. Ilikuwa ya mwanawe.

Alipogeuka, shangazi alikuwa amesimama nyuma yake, anasoma.

"Kwa hiyo kuchapisha maana yake ni hii," shangazi alisema.

"Ni kosa langu, shangazi. Neno lile niliweka mimi."

"Kidole ni changu." Alikitazama kile kidole. "Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nimejikwaa vyote viwili kwa pigo moja."

Alijaribu kucheka. Hakikutoka kicheko. Akarudi kukaa kwenye kigoda, mbele ya printa ambayo haikuwa na kosa lolote.

Simu zilianza kuingia kulipokucha. Wazee huamka mapema. Wa kwanza alikuwa muuguzi wa zamani wa wodi ya watoto. "Sindano, nimesoma yote mpaka mwisho. Umemtunza vizuri. Mimi nami jana nimetafuta miwani nikiwa nimeivaa." Mwingine alilia tu kwenye simu kisha akakata. Mwingine aliomba apewe zamu ya Jumatano, aende yeye kwa Metroni ili Sindano apumzike. Mwingine alilalamika kwamba hajui wamefanya nini leo lakini herufi kwenye simu yake zimekuwa ndogo. Shangazi aliwajibu wote kwa sauti ya chini: ahsante, ahsante, Mungu akubariki, bonyeza pale juu zitakua. Kila wema ulimkunja bega kidogo zaidi.

Saa moja na nusu akapiga mwanawe Metroni. Shangazi aliweka simu mezani iseme kwa sauti, ili Fundi naye asikie.

"Mama mdogo. Shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Ni kweli ile sufuria?"

"Ni kweli."

"Imetokea mara ngapi?"

Fundi alimwona shangazi akifumba macho. "Mara tatu ninazozijua mimi."

Upande wa pili kulikuwa na mlio wa gari. Alikuwa ameshatoka. "Mimi nampigia kila Jumapili," alisema, "ananiambia hajambo, anacheka. Nami namwamini. Wewe ulikuwepo, mama mdogo. Ungeniambia hata nusu."

"Aliniapisha, mwanangu."

"Najua. Nami ningekula kiapo hicho hicho." Gari lake likaongeza kasi. "Ahsante kwa kulizima jiko. Sitaendesha usiku; nalala njiani, kesho asubuhi nitakuwa hapo."

Simu ilipokatika, Fundi alisema, "Tunaweza kumwomba. Wapo wanachama wanaotaka kushika zamu, tupange ratiba, hata mimi naweza..."

"Mwombe nini? Amwache mama yake na jiko?" Shangazi alisimama akavuta gauni lake likakaa sawa. "Ingekuwa mimi, wewe ungeniacha?"

Fundi akavaa viatu.

Walikwenda kwa Metroni wote wawili kwa miguu, wakipita kwa fundi baiskeli aliyekuwa ndiyo kwanza anafungua, na kwa muuza magazeti aliyewaamkia kama kila siku. Kabla ya kutoka Fundi alikuwa ameyatoa yale maandishi kwenye printa, kurasa kumi na nne. Ahadi ni deni, shangazi alisema, hata ikiwa imeoza.

Nyumba ya Metroni ilikuwa na vyumba viwili, na kila kitu kilikaa pembe kwa pembe: shuka, taulo, hata magazeti ya zamani. Kwenye mlango wa jikoni palibandikwa karatasi yenye mwandiko wa Sindano: *Jiko?* Metroni alifungua mlango akiwa amechana nywele, kola imenyooka. Alimtazama Fundi miguu hadi kichwani.

"Huyu ndiye wa kompyuta. Siku nzuri leo, Sindano, usinitazame hivyo. Umeleta ripoti?"

Alisoma mezani, ameshika kalamu nyekundu. Fundi na shangazi walisimama. Hakuna aliyekuwa ameambiwa akae, na mbele ya Metroni mtu hakai bila kuambiwa. Aliposoma mahali pa sufuria kalamu ilisimama muda mrefu. Kisha akaandika pembeni: *Saa ngapi?*

"Ripoti isiyo na saa ni hadithi," alisema. "Nimekwambia mara ngapi?"

"Tangu nikiwa mwanafunzi."

"Na hujasikia." Alifunga kurasa akazipanga zikalingana. "Nimefika mbali, kumbe."

Hapo ndipo shangazi alipomwambia. Hakuzunguka. Alisema kidole, kitufe, barua mia mbili na kumi na mbili, mwanao amepata, yuko njiani. Fundi akaongeza kwamba neno lililokuwa kwenye kitufe ni yeye aliyeliweka, na cheo ni yeye aliyetoa, na ile barua pepe ni yeye aliyesema haina neno. Aliyasema yote mbiombio kama mtoto aliyevunja kioo.

Metroni aliweka kalamu chini. Uso wake haukubadilika, ila kidevu kilianza kutetemeka, naye akakishika kwa mkono.

"Wote?" aliuliza. "Hata wale wa wodi namba nne?"

"Wote."

"Wale walikuwa wakiniogopa."

Nje baiskeli ilipita ikilia kengele.

"Binti," Metroni alimwambia Fundi, "chukua kile kiti mkalishe huyu, miguu yake imevimba. Wewe nawe, Sindano, ungekufa umesimama." Kisha akageukia dirishani akakaa hivyo, mgongo umenyooka, na Sindano akakaa nyuma yake, na kwa muda mrefu hawakutazamana wala hakuna aliyeondoka.

Mchana ule Fundi alirudi mezani kwake. Alilibadilisha neno la kitufe kwenye tovuti ya chama. Aliandika *Tangaza kwa watu wote*. Akamshusha shangazi cheo. Akawaandikia watafsiri wa kujitolea kuwaeleza lililotokea, na msimamizi akajibu kwa upole kwamba neno hilo sasa liko kwenye maelfu ya tovuti na kulibadilisha kutahitaji mjadala. Akatafuta plagini nyingine ya barua, safari hii yenye kusitisha. Aliipata kwa dakika kumi. Aliitazama tu, hakuipachika.

"Ukimaliza hiyo kazi," shangazi alisema kutoka chumbani, "usinionyeshe."

Kesho yake mwanawe Metroni alifika, mtu mkubwa mwenye macho mekundu ya safari. Aliinama kumwamkia shangazi, akamshika mikono yote miwili, hakumlaumu tena. Ingekuwa nafuu kama angelaumu. Alikuwa ametandika blanketi kwenye kiti cha nyuma cha gari na kuleta mto wa shingo. Alibeba masanduku yeye mwenyewe. Aliuliza kila kitu, chai ya mama huwekwa sukari kiasi gani, hulala upande upi, akaandika kwenye simu, na Sindano akamjibu moja moja, pamoja na saa.

Haikuwa siku nzuri. Metroni alikaa kwenye kiti cha mbele na mkoba mapajani, akauliza nani ameachiwa wodi. "Ipo mikononi mwa watu," shangazi alimjibu. Akauliza tena. Akajibiwa vilevile. Shangazi aliingiza mkono dirishani akamrekebisha kola ambayo haikuwa imepinda.

Gari liliwashwa. Fundi alisogea ili shangazi aage peke yake, lakini Metroni alimkamata yeye mkono, kwa nguvu ya mtu aliyewahi kugeuza wagonjwa wazito kitandani.

"Wewe wa kompyuta. Huyu hawezi kupanda basi peke yake, miguu yake imevimba. Umlete."

"Nitamleta, bibi."

"Lini?"

Fundi alimtazama shangazi yake, na shangazi alikuwa anatazama chini. Ilikuwa kutwa nzima njiani, kwa gari zuri.

"Mwezi ujao," Fundi alisema, bila kujua kama ni kweli.

"Mje mapema," alisema Metroni. "Na mkikuta nimewasahau, ingieni tu mkae. Mje."